Baiskeli ya Zdenka

Fremu aliinunua kwa Gorazd, baada ya Gorazd kuvunjika mtulinga
na mkewe kusema: chagua, mimi au hicho chuma.
Uma wa mbele ulitoka Maribor kwa basi,
umefungwa blanketi kama mgonjwa.
Breki ni mpya. Kwenye breki, asema, sibahatishi.

Miezi mitatu chumba cha kufulia kilinuka grisi.
Mashati ya mumewe yalitoka na madoa, naye hakuuliza;
alimshikia tochi, akahesabu spoku,
thelathini na mbili, akarudia.

Leo tumepanda saa nzima katikati ya misonobari,
juu ya mashimo ya risasi
ambamo baba yake alichimba mlima asiuone.
Abonyeza tairi kwa kidole gumba.
Atoa upepo kidogo. Tena kidogo.
"Mizizi imelowa. Ukiwa juu ya mzizi, usiguse breki."

Kuteleza si kuanguka, walinena wahenga.
Hawakuiona njia hii mwezi wa Oktoba.

Kisha huyo! Miaka hamsini na tisa, viwiko nje,
tope likimrukia hadi kisogoni,
gurudumu la nyuma likilia kama panzi mwenye hasira.
Nilimfuata kwa sauti tu.

Chini, darajani, nilimkuta amepiga magoti.
Nikadhani ameumia.
Alikuwa akipekua majani, akitafuta skrubu ya kengele,
kengele ndogo ya shaba
aliyoikuta asubuhi kwenye usukani,
imefungwa usiku, kombo,
na mtu asiyejua kushika spana.