Kifauwongo

Baba alirudi Jumanne kutoka Chunya
na ndevu ambazo hakuondoka nazo.
Miezi saba. Gwamaka alimkimbia,
akajibanza nyuma ya gunia la viazi,
akaniuliza, "Yule mjomba atalala wapi?"

Mama alimwekea maji ya kuoga,
akamwekea ugali,
hakumwekea neno.

Jumamosi Baba akasema twende Mbeya,
kwenye nyumba ya vioo ya Masista
wanakolea mimea ya joto
kama watu wengine wanavyolea vifaranga.
Asubuhi hiyo, Isyonje,
sakitu ilikuwa imemwaga chumvi shamba zima.
Nilivaa masweta mawili na soksi za Mama.
Tulipofika mjini, Loleza nao
ulikuwa umejifunika wingu hadi shingoni.

Wakubwa elfu moja, watoto mia tano,
Gwamaka bure, maana alikuwa mgongoni.
Baba alitoa noti iliyokunjwa mara nne,
akaikunjua taratibu, kunjo kwa kunjo.
Mama alitazama pembeni.

Ndani,
joto lilinilamba uso kama ndama.
Miwani ya Bibi ikashika ukungu,
akasimama katikati ya njia, anacheka,
"Jamani, nimepofuka!
Ila nasikia harufu ya mdalasini."

Niliona mkakao: matunda yameota kwenye shina,
kama mti uliosahau kwamba una matawi.
Niliona vanila ikipanda kamba bila mikono.
Niliona mnazi mfupi kuliko mimi,
na Bibi, ambaye miaka sabini na miwili
ameujua mnazi kwa tui la kopo tu,
akashika jani lake, akalitikisa,
kama anayepokea mgeni aliyechelewa.

Tulivua masweta. Baba lake, Bibi lake,
mimi yangu yote mawili, nikayafunga kiunoni.
Mama peke yake alibaki na la kwake,
vifungo hadi kooni,
jasho limempanga shanga puani.

Kwenye kona, ndani ya kopo la rangi lenye kutu,
palikuwa na kimmea ambacho nyumbani tungekipalilia.
"Huyu ruksa kumgusa," alisema Bwana Mwasenga, mtunzaji.
Nikamgusa.

Majani yakafumba, mawili mawili,
mkono wake ukaanguka.

"Nimeua," nikasema.
Gwamaka akaanza kulia.

"Hajafa, anafa uwongo," akacheka Bwana Mwasenga.
"Umemshtua tu. Msimpulizie, msimbembeleze.
Atafunguka mwenyewe akiona pametulia."

"Baada ya dakika ngapi?"
Hilo hakuuliza Gwamaka, wala mimi.
Aliuliza Baba,
kwa sauti ya mtu anayeulizia nauli
na mfukoni hana uhakika.

"Inategemea," alisema Bwana Mwasenga,
"ameguswa mara ngapi."

Tukachuchumaa.
Baba aliweka mikono nyuma
kama mwanafunzi paredi.
Maji yalidondoka kutoka kwenye vioo, moja, halafu kimya,
halafu moja.
Gwamaka alihesabu hadi kumi na moja,
akaruka nane, Bibi akamrudisha mwanzo.
Miguu yangu ikafa ganzi. Hiyo haikuwa uwongo.

Jani moja la chini.
La pili, kama linachungulia.

Mama akafungua kifungo cha kwanza.

Baba alikiona.
Nilimwona Baba akikiona.
Hakusema kitu, mikono yake
ilibaki pale pale nyuma,
kidole gumba kimeshika kidole gumba.

Hatukungoja mmea wote ufunguke,
maana gari la kurudi halingojei mtu.
Mlangoni baridi ikatudaka masikioni.
Gwamaka, amechoka, akanyoosha mikono juu:
"Mjomba, nibebe."

"Siyo mjomba," alisema Mama,
anatafuta tundu la kifungo bila kumwangalia mtu.
"Ni baba yako.
Mpe na kofia yake, ataumwa masikio."