Msituulize Vipi

Tononoka tumejaa, jua linachoma kosi,
Miezi saba ya njaa, tukipigwa kwa mikosi,
Hata kunguru wa paa, wacheka chetu kikosi,
Moja bila ni ushindi, msituulize vipi.

Dakika ya themanini, kona yaja, shingo juu,
Chengo kainama chini, kiatu chatoka guu,
Ukamdunda takoni, wavuni! Jama, nafuu!
Moja bila ni ushindi, msituulize vipi.

Wageni wakamzinga, refa, wadai makosa,
Refa kidole kapunga: "Tako si mkono, sasa!"
Kocha matusi kalonga, ya bara, si ya Mombasa,
Moja bila ni ushindi, msituulize vipi.

Mishi muuza karai, aliyetunyima deni,
Kasema, "Leo sidai, kuleni nyote, kuleni!"
Pilipili, jasho, chai, ukwaju hadi ndevuni,
Moja bila ni ushindi, msituulize vipi.

Narudi, sauti sina, mke ananikagua:
"Kafunga kwa guu, bwana? Kwa kichwa? Nataka jua."
Nikakohoa kwa kina, viatu nikavivua:
Moja bila ni ushindi. Mke wangu, acha "vipi".