Wanaokuja Kuiaga Barafu

Saa nne asubuhi basi la Huaraz linawatema maegeshoni.
Wanashuka wameshika vichwa, midomo imegeuka samawati;
karibu mita elfu tano, hewa hapa hupimwa kwa kijiko.
Maclovia anawamiminia chai ya majani ya koka,
nami nawaita: Farasi! Farasi, soli kumi,
mpaka kwenye kibao kinachosema mwisho wa farasi.

Miaka ishirini na miwili nakodisha migongo ya wanyama
na swali langu limekaa shavuni, pamoja na koka:
mmefuata nini huku?

Bwana mmoja wa Lima, viatu vya ofisini,
alisema daktari wake amemkataza milima.
"Ndiyo maana nimekuja," akacheka, akakohoa,
akamkumbatia Kanela shingoni hadi tulipofika.

Maharusi wawili walitaka picha nyeupe.
Mwalimu alileta watoto thelathini na saba
akawaambia watazame sana, wasipepese.
Wapo wanaolia mbele ya titanka,
mmea unaokaa karibu karne bila ua,
kisha unachanua mara moja, kwa nguvu zote, na kufa umesimama.
Wapo wasioona lolote ila kwamba mtandao haushiki.

Zamani walikuja kucheza.
Nilikuwa mdogo; tuliteleza juu ya magunia ya mbolea
kuanzia pale, hapana, pale juu zaidi,
hadi miguuni mwa farasi wa baba.
Siku hizi wanakuja kama watu waendao kumwona mgonjwa:
sauti chini, machungwa mfukoni,
wakininong'oneza, Amebakiza muda gani?

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mimi nimepona, sikatai:
bati jipya, binti yangu anasomea uuguzi.
Lakini mwenyeji mkubwa ni mlima huu,
nao, tangu wageni waanze kumiminika,
haujapata nafuu hata ya siku moja.

Nemesio mlinzi ana kopo la rangi nyekundu.
Kila Agosti hupanda kuandika mwaka
juu ya mwamba, pale barafu inapokoma.
Mwanzoni alikuwa akirudi kabla supu haijapoa.
Mwaka huu tulimngoja, tukachoka,
tukala na fungu lake.

Juzi alikuja mama mmoja, Chizuru, kutoka Nagano,
na picha iliyopauka ndani ya bahasha:
babake, kijana, amezama thelujini hadi magotini, anacheka.
Alitaka kusimama palepale.
Tulipatafuta saa nzima tukilinganisha vilele,
yeye akisoma picha, mimi nikisoma mlima,
mpaka nikamwambia: Hapa.
Upande huu wa kibao, ambako farasi wanaruhusiwa.
Jiwe jeusi, na maji yakipita.
Akasimama. Akanyoosha mkono juu ya kichwa chake,
juu, mpaka akasimama kwa vidole vya miguu,
akaniuliza kwa macho: nyayo zake zilikuwa wapi?
Nikaonyesha hewani,
juu zaidi ya mkono wake.

Pembeni mwa picha kulikuwa na mkia wa farasi.
Labda wa baba yangu. Labda si wake.
Mkia hauandikwi jina.

Sikumuuliza swali langu.
Tulikaa, akamenya chungwa, tukagawana,
Kanela akanywa yale maji taratibu,
kama anywaye kitu cha watu.

Dereva akapiga honi.
Wakati wa kuteremka akauliza
kama mwakani itakuwepo.
Nikasema: Uje mapema.
Farasi ni soli kumi.