Mguu Uliopinda

Kishindo kimoja tu, cherehani ikanyamaza.
Ardith akainama na tochi:
mguu umepinda, sindano vipande viwili,
na katika kiraka cha kijani, kifungo
cha shati la Delmar, kilichosahauliwa na mkasi.

Nje, Nebraska, theluji imefika dirishani.
Fundi yuko Omaha. Barabara imefungwa.

Akaufungua mguu kwa bisibisi,
akaubana kwa koleo lililovikwa soksi kuukuu,
akaunyosha kidogo, akapima, kidogo tena;
chuma nacho kina kiburi, ukikiharakisha kitakukatikia.
Akazungusha gurudumu kwa mkono:
sindano mpya ikashuka katikati ya tundu,
haikugusa ukingo.

Kifungo hakukitoa.
Akakizunguka kwa mshono, polepole,
kama alivyozoea kumzunguka mwenye shati
alipopitiwa na usingizi sakafuni, buti miguuni.