Ukingo wa Tobo

Kiyoyozi cha chumba cha nyuma, hapa Al-Khudh,
kinakohoa tangu Mei. Thuwaiba hasikii.
Ameilaza kofia ya marehemu baba juu ya skana,
kaifunika kwa buibui kuukuu.
"Usipumue," ananiambia,
kana kwamba pumzi yangu itautikisa uzi.

Kazi yangu mimi ni hesabu: risasi iende kasi gani,
adui aanguke vipi, mlango ufunguke lini.
Vyote vinavyoonekana ni vyake.
Ukuta wa ngome ni mishono ya mnyororo, rangi ya wino.
Jangwa ni marekani iliyochanika pindoni.
Bunduki imejazwa pamba,
na kila ukifyatua, mtutu unapinda kidogo
kama kidole kinachoitwa na usingizi.

Kampuni moja ya Dubai ilituandikia: safisheni.
Mishono imekwenda upande. Upeo wa macho umeinama.
Tutawapa kuta zilizo tayari, laini kama vigae vya bafuni.
Nilitaka kukubali. Nina mkopo wa gari.
Thuwaiba akacheka mpaka sindano ikamchoma.

Ikabaki shida moja: jeraha.
Nilijaribu nyekundu. Nyekundu juu ya pamba
ikawa mchuzi wa nyanya kwenye kanzu ya Idi.
Tukajaribu moshi. Tukajaribu adui atoweke tu,
na hilo ndilo lililotutisha.

Mama akaingia na kahawa, na halua ya Barka.
Miaka arobaini anashona kofia za watu;
macho yamemsaliti, vidole bado.
Akamwona kwenye skrini askari wa uzi,
tundu kifuani, nyuzi zinaning'inia.
"Nani kaliacha tobo hilo wazi?"

Mama, hiyo ni risasi.

"Iwe risasi, iwe panya. Tobo lisilofungwa ukingo
litakula kofia nzima."

Akavuta kiti. Akaomba sindano nyembamba,
akatuonyesha polepole, kama anayeogesha mtoto:
toboa, zungusha, vuta, bana,
zungusha, vuta, bana, hadi duara litulie,
jicho dogo la kupitisha upepo kichwani.
"Kofia isiyo na tobo ni sufuria."
Thuwaiba akapiga picha kila mshono, mia na kumi na mbili.
Nami nikaziandika upya hesabu zangu.

Sasa ukimpiga adui, tobo linafunguka,
na ukisubiri (wengi hawasubiri)
uzi mweupe unatoka usikokujua,
unazunguka ukingo, unabana.
Anainuka. Anakutazama, kifua kina dirisha.
Hapigi tena. Anashuka bondeni kwenye mitende ya hariri
na wewe umebaki na bunduki yako ya pamba,
hujui kama umeshinda.

Mama hawezi kuucheza. Kipanya anakishika
kwa ncha za vidole, kama kweli kitamng'ata.
Lakini kwenye ukuta wa mwisho, wasikofika wachezaji,
lipo kosa lake: tobo moja, nyuzi zimeruka,
usiku ule macho yaliposhindwa.
Ningeweza kulifuta kwa kitufe kimoja.

Nimeliacha. Ukisogea karibu sana
utaona humo mwanga wa skana,
na ukisogea zaidi,
unywele mmoja, mweupe.