Maji Matamu

Lori la Kalume lilikuja kabla ya jua,
likarudi kinyumenyume kichochoroni Sidiriya
mpaka kioo chake cha pembeni kikakwaruza ukuta.
Safari tatu, tulikadiria.
Zilitosha mbili. Miaka arubaini na mmoja,
kumbe tulikuwa watu wa safari mbili.

Samadari ya Nyanya ilifunguliwa vipande,
kila kipande kikapewa namba kwa chaki.
Mbuzi ya nazi ikapanda juu ya friji.
Salwa aliipakata saa ya ukutani
nayo haikuacha kwenda,
kama mgonjwa asiyeambiwa anapelekwa wapi.

Paka alitutazama toka juu ya bati la jirani.
Tukamwonyesha kichwa cha samaki. Hakushuka.
"Paka ni wa nyumba," akasema Nyanya, "si wa watu."
Kisha akanyamaza, kama aliyejisikia.

Ami Famau alisimama mlangoni kupokea funguo.
Nyumba ya marehemu ilishagawanywa kwa kalamu,
thumni kwa huyu, sudusi kwa yule,
ila kisima cha uani hakuna aliyejua kukigawa.
Mnunuzi atakifukia.
Na kwenye mwimo wa mlango, kwa penseli,
kimo changu cha darasa la tatu,
na cha Msellem, kidole kimoja juu yangu.
Mwimo haukuingia kwenye hesabu ya mtu.

Makupa. Kibarani. Changamwe na harufu yake ya mafuta.
Mikindani, ghorofa ya tatu, ngazi hazina pa kushika.
Vijana wa Kalume walipandisha kabati
wakihimizana kwa Kigiriama,
mwenye nyumba yuko chini, anahesabu mikwaruzo.

Nyanya aliingia wa kwanza, mguu wa kulia,
Msahafu kifuani, chetezo mkononi.
Akauliza kibla.
Msellem akatoa simu, mshale ukazunguka, ukazunguka,
ukatulia baina ya dirisha na kona.
Aliyejenga hapa hakuuliza mtu.
Mswala ukatandikwa mshazari,
na siku baada ya siku viti vikaufuata,
kisha meza, kisha kabati lenyewe:
sebule nzima sasa imegeuka kidogo
kuelekea kaskazini.

Maji ni ya bomba, Jumanne na Ijumaa.
Matamu. Hayo ndiyo yaliyotushinda.
Chai ya kwanza tuliinywa kimya.
Majani yale yale, iliki ile ile,
sufuria ile ile yenye sikio moja.
"Haijakolea," akasema Mama, akaongeza majani.
Siku ya pili, tangawizi.
Siku ya tatu akamgeukia muuza maziwa,
akamwita mwizi mbele ya ngazi nzima.

Usiku mkono wangu hutafuta swichi kulia,
hupapasa ukuta mtupu, rangi bado inanata.
Jirani wa mlango wa pili simjui jina.
Namjua kikohozi.

Alfajiri moja nikamkuta Baba jikoni, amenipa mgongo.
Baba, ambaye siku ya kuhama hakutoa neno,
alifunga kamba tu,
akazikaza, akazifungua, akazikaza tena.
Sufuria ilikuwa mbele yake, chai inatokota,
na baina ya vidole vyake viwili,
chumvi.

Hakushtuka. Aliidondosha, akakoroga.
"Kisima," akasema.
"Miaka yote ile tulikuwa tunakunywa kisima."

Nikaonja. Nikaiona ua yetu ya nyuma,
ndoo, kamba iliyoota ukungu,
kile kitu ulimini ambacho hatukuwahi kukiita chumvi
kwa kuwa hatukujua maji mengine.

Nyanya alikunywa chake chote, akageuza kikombe,
akakitazama tako kama anayetafuta jina la fundi.
Hakuuliza.
"Leo mumeipika," alisema,
akakisogeza kiongezwe.

Mama alinywa pia, amesimama, macho dirishani,
na chini, kengele ya baiskeli ikalia.
Alishuka na jagi, akalipa, akapanda.
Muuza maziwa bado hajaombwa radhi.