Safu ya Saba

Daftari la maziko la kata yetu lina safu tisa.
Ya kwanza jina. Ya pili umri,
na hapo wazee hunipa mwaka wa njaa badala ya tarehe,
nami nakadiria.
Ya tano namba ya kaburi, ya sita simu ya mfiwa.
Ya saba, sababu ya kifo.

Miaka kumi na mmoja nimeijaza safu ya saba
kwa wino wa buluu na mwandiko mdogo,
mdogo kuliko wa safu nyingine zote,
kana kwamba herufi nazo zaweza kunong'ona.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, walisema,
kwa kuwa hawakumjua karani.
Mwosha huona mara moja, akamwaga maji,
mchanga ukayanywa.
Mimi maji yote ninayo kabatini.

Julai ile upepo ulileta vumbi hadi kwenye kidau cha mhuri.
Akaja Sechelela Chidosa, wa Nkuhungu,
kuandikisha mwanawe, miaka kumi na tisa.
Nikauliza, akajibu, nikauliza, akajibu.
Kwenye ya saba akatazama mlango.
Kisha akaliandika neno kwa kidole
juu ya vumbi la meza yangu,
akahakikisha nimelisoma,
akalifuta kwa kiganja.

Nami nikalihamishia daftarini.

Saa nne nilikwenda kunywa chai kwa Mama Ndahani.
Chapati moja, maharage.
Daftari nililiacha wazi
wino ukauke.

Hajafika Nkuhungu, simu yake ikaita:
mtu wa majeneza, lipo la mninga, lipo la bei nafuu, poleni sana.
Ikaita tena: maturubai na viti mia.
Ya tatu ilikuwa sauti ya kike, laini,
ikamtaja mwanawe kwa majina matatu,
ikalitaja na lile neno la vumbini,
ikamuuzia dawa ya kuwakinga waliobaki.

Alirudi baada ya matanga.
Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu.
Aliuliza tu: "Kwani nani mwingine alikaa kwenye meza hii?"
Nikaitazama meza.
Nilikuwa nimeshaipangusa.

Halmashauri ikatuita semina, siku mbili, soda na posho.
Taarifa binafsi, akasema mkufunzi, ni mali ya mwenyewe.
Mmoja akauliza: na marehemu, anamiliki nini?
Watu wakacheka.
Tukapewa kabati la chuma, funguo mbili,
na mwongozo wenye kurasa arobaini.

Wiki hiyohiyo akaja mzee Jethalal kuombea mkewe kibali cha kuchomwa.
Alijaza fomu taratibu, akaifunika kwa mkono wa kushoto
kama mtoto anayeogopa kuibiwa majibu.
"Sisi," akasema, "mwili kufikia alfajiri ni majivu.
Na karatasi hii, mtaichoma lini?"
Nikafungua mwongozo, nikatafuta kwa kidole.
Itahifadhiwa kwa miaka,
na mbele yake nukta nukta nukta,
mahali mtu alikusudia kurudi kujaza.

Mwosha huoshwa.
Mwezi wa kumi alifariki mdogo wangu, Lechipya.
Nilipanga foleni upande wa pili wa meza ileile.
Karani mpya, Nyemo, ana tarakilishi na kucha nadhifu.
Jina. Umri. Simu.
"Sababu ya kifo?" akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa,
na nyuma yangu mtu akakohoa.

Nikatazama mlango.
Kidole changu kilikuwa kimeshafika mezani;
pasafi, hapana hata chembe ya vumbi.

Kabla sijamjibu nikamuuliza:
"Chai huwa unakunywa wapi?"